Fulana za Itungwe

Picha ilikuwa nzuri. Hilo Joséline hakuweza kulikataa, kwa sababu aliichapa kwa mikono yake mwenyewe. Sasa ilikuwa juu ya meza ya Bwana Bartolomeo, kando ya kibali chake cha kukaa Mpanda, kibali ambacho kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Vitu hivyo viwili vilipangwa pamoja makusudi, kama nyama na kisu.

"Shemeji," alisema Bartolomeo, afisa wa vibali, "hebu niambie unaona nini hapo."

"Naona watu na ndege."

"Watu wa wapi?"

"Itungwe, kule ziwani."

"Na vifuani mwao unaona nini?"

Vifuani mwao kulikuwa na taa ya chemli. Wazee, akina mama, vijana, hata mtoto mmoja aliyefunikwa na fulana mpaka vidole vya miguu, wote walivaa nembo ya chemli, na mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi hata kipofu alijua kwamba chemli ni chama kipya. Nyuma yao ilisimama ndege ya mume wake, herufi za ubavuni zikisomeka vizuri kuliko nyuso.

"Naona fulana mpya," alisema Joséline.

Bartolomeo alicheka kidogo. Akafungua droo, akatia kibali ndani, akaifunga. Picha aliiacha pale juu.

"Kesho njoo na bwana wako," alisema. "Mambo ya wanaume hayo, lakini na wewe njoo."

Joséline aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake, wakati kwao Burundi kunawaka moto. Alikulia katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, akalima mahindi na maharage ya Mishamo, akaolewa na rubani aliyekuwa akileta dawa kwenye zahanati ya Mishamo. Ndoa ilifungwa kanisani na mbuzi wakaliwa. Lakini ndoa ni ya kanisa na kibali ni cha serikali. Mume wake Cleophas, Mfipa wa Sumbawanga, alikuwa Mtanzania. Watoto wao, Felista na Antoni, Watanzania. Hata kuku wa uani walikuwa Watanzania. Mgeni katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyepika.

Maombi yake ya uraia yalikuwa yamelala mahali fulani, katika ofisi ambayo kila mtu alisema si ya kwake. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu alikwenda kuomba upya ruhusa ya kulala kitandani kwake. Akikosa, angerudishwa Mishamo, na nyumba ingebaki na baba ambaye leo yuko Mpanda, kesho Kigoma, keshokutwa Mungu anajua. Watoto wangeamshwa na nani kwenda shule? Na nani angekagua masikio yao? Hayo ndiyo maswali aliyojiuliza Joséline. Ya heshima na uhuru aliwaachia wenye nafasi.

Kibali chenyewe kilikuwa na ukuta wake. Mume alipita juu ya misitu yote ya upande huu, mke hakuruhusiwa kuvuka Kakese, kijiji cha hapo jirani, kununua mpunga. Kwenda kumsalimu mama yake Mishamo kulihitaji ruhusa nyingine, na akishafika huko wangeweza kumwambia basi, baki huko huko. Kwa hiyo hakwenda. Mama alizeeka upande ule, binti upande huu, na habari zilibebwa na wagonjwa walioletwa kwa ndege.

Cleophas alikuwa na mapenzi matatu, na mke wake hakujihesabu humo. La kwanza ndege, la pili kamera, la tatu mdomo wake mwenyewe.

Ndege ilikuwa ya kampuni, ndogo, ya injini moja, na ilibeba kila kitu: chanjo, wauguzi, wajawazito waliozidiwa, wakubwa wenye haraka. Kamera ilikuwa yake. Mambo yalianza pale mama mmoja wa ziwani alipomwomba picha ya mtoto wake aliyelazwa Mpanda, aone kama kweli anapona. Cleophas aliipiga, akampelekea. Tangu hapo hakutua uwanja wowote bila kupiga picha, na hakupiga picha bila kuirudisha kwa wenyewe. Watu wakazoea. Wakisikia mlio wa ndege walikimbia kwanza nyumbani kuvaa, ndipo wakaenda uwanjani kufukuza ng'ombe. Asiye na shati zuri aliazima. Aliyekosa pa kuazima alisimama nyuma akatoa kichwa tu.

Mdomo ulikuwa wa siasa. Yeye aliiona nchi kutoka juu, alisema, na juu hakuna wa kukudanganya. Barabara iliyotangazwa redioni kuwa imekamilika, yeye aliiona inaishia porini kama mkia wa mjusi. Aliyasema haya kwa kinyozi, akayasema stesheni ya reli, mpaka mwenye kampuni akaja kutoka Tabora kumwambia kwamba rubani hana chama. Joséline hakumwonya. Alimwekea sheria. "Yaseme humu," alimwambia, akimwonyesha stoo ya mahindi waliyoigeuza chumba cha giza cha kusafishia picha. "Nikiyasikia nje ya mlango huu, nalala na watoto."

Basi stoo ndiyo ikawa bunge lake. Jioni umeme wa mji ulipowaka, walijifungia humo na taa nyekundu, Cleophas akihutubia magunia, Joséline akitikisa karatasi kwenye trei ya dawa. Alianza kwa kumsaidia tu. Baadaye akawa anachapa vizuri kuliko mume, na wote wawili walilijua hilo bila kulizungumza.

"Hukuziona zile fulana?" alimwuliza siku ile aliyotoka kwa Bartolomeo.

Cleophas alikuwa anavua viatu. "Niliziona."

"Ukapiga."

"Watu wa chemli walipita na boti, wakagawa, wakaenda zao. Mimi nimeleta chanjo. Niwaambie wavue? Kijiji kizima kikae kifua wazi mbele ya nesi?"

"Baba Felista."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Sikuwaambia wavae," alisema. "Ila nilipoziona nilifurahi. Nikasema, mimi nimenyamaza kama ulivyotaka, leo acha picha iseme."

"Imesema. Mdomo huponza kichwa, na kichwa chenyewe ni changu."

"Na wewe uliiona kwenye trei."

Hilo lilikuwa kweli. Aliiona ikichomoza polepole kwenye dawa, chemli moja baada ya nyingine. Lakini uji ulikuwa jikoni, na yule mtoto aliyemezwa na fulana alimchekesha. "Niliona watoto," alisema.

"Unaweza kwenda kwa mama yako," alisema Cleophas. "Mpaka uchaguzi upite."

"Na kurudi nitarudi na nini? Ndege yako ikitoka Mishamo inabeba wagonjwa. Niumwe?"

"Nasema tu."

"Unapanga mizigo, nakujua. Ndege imezidiwa, unatafuta cha kushusha. Na cha kushusha umeshakiona."

Cleophas alivaa tena kile kiatu, akatoka kwenda kusimama uani na wale kuku wake Watanzania.

Kesho yake walikwenda wote wawili. Walimkuta Bartolomeo na mtu mwingine, Salvatori, mnene, mwenye sauti laini ya mtu asiyewahi kunyimwa kiti. Ndiye aliyeendesha kampeni ya mgombea wa chama kikubwa. Hakukaa upande wa wageni. Alikaa upande wa Bartolomeo, kama vile meza ni yao wote.

"Kapteni," alisema, "mimi sina ugomvi na mtu. Picha hii nimeikuta ukutani kwa mvuvi mmoja kule kule Itungwe. Nikasema, fundi huyu tulimpitia wapi tusimwone?"

"Sikugawa fulana mimi," alisema Cleophas.

"Nani kasema umegawa? Bartolomeo, nimesema?"

"Hujasema."

"Sijasema. Nasema hivi: Mheshimiwa anakwenda Itungwe wiki ijayo. Kampuni yako imeshatukodisha ndege. Ndege ile ile, rubani yule yule, kamera ile ile, watu wale wale. Fulana zetu. Wewe unapiga, shemeji anachapa, sisi tunabandika. Aliyeiona ya kwanza ataiona na ya pili, na maneno yamekwisha."

"Na kamera ikiharibika?"

Salvatori alimgeukia Bartolomeo. Bartolomeo hakumtazama Cleophas hata kidogo. Alimtazama Joséline. "Shemeji, kibali chako kinaisha lini vile?"

"Si unacho," alisema Joséline. "Kiko kwenye droo."

"Kweli. Kiko kwenye droo."

Cleophas alifungua mdomo. Joséline alimkanyaga mguu, kwa kisigino, bila kugeuza uso. "Kamera haitaharibika," alisema.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mume mbele, mke nyuma, na karibu na soko Cleophas akasema bila kugeuka, "Umeniuza."

"Nimejinunua mwenyewe," alisema Joséline. "Wewe hukufika mnadani."

Siku ya safari Cleophas aliondoka na uso wa mtu anayekwenda kuzika. Alirudi jua likiwa bado limesimama, na mke wake akashangaa, kwa sababu alikuwa anacheka. Alicheka peke yake akinawa, akacheka akila ugali. Umeme ulipowaka alimpa mkanda wa picha. "Usiniulize," alisema. "Safisha tu."

Alisafisha mkanda, akaukausha, akautia kwenye mashine ya kukuzia, na picha ikatua kwenye karatasi. Ndipo alipoelewa.

Itungwe hawakuwa watu wa kuacha shati jipya ndani eti kwa sababu limekuja jingine. Fulana za chama kikubwa ziligawiwa asubuhi ile, na watu waliposikia kuna picha, walivaa zote. Wazee walivaa ya chama kikubwa juu, na kwa kuwa ilikuwa fupi, chemli ilichungulia chini yake, kitovuni. Vijana walivaa moja na kuifunga nyingine kiunoni, nembo kwa mbele. Bibi mmoja aliyesimama ukingoni alivaa ya chama kikubwa, halafu ya chemli akaifunga kilemba, ile taa ikawa katikati ya paji la uso kama ya mchimba madini. Walisimama wima, wamejipaka mafuta, wamependeza. Katikati yao Mheshimiwa alitabasamu, mikono ameinyoosha, mchungaji wa kondoo wa mazizi mawili.

"Hawakuona?" aliuliza Joséline.

"Mheshimiwa ameangalia kamera, angeona nini? Salvatori alikuwa nyuma ya ndege anagombana na watu kuhusu magunia ya fulana. Mimi ndiye niliyeona." Alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Mama Felista, maisha yangu yote sijapiga picha ya kweli kama hii. Hawa si wa chemli, wala si wa wale wengine. Wanataka nguo, basi. Sisi huku tunatoana macho, wenzetu wanataka nguo. Tuwapelekee hivi hivi. Walisema watu wale wale na fulana zao. Si zimo?"

Joséline hakucheka. Pengine siku nyingine angecheka mpaka aketi chini. Alikata kipande cha boksi la sabuni, akatoboa tundu katikati kwa ncha ya kisu.

"Unafanya nini?"

"Sogea, unaniziba."

Katika kuchapa picha, mwanga ndio unaotia weusi. Mahali unapomimina mwanga mwingi, karatasi inaungua na kuwa giza. Joséline alikishika kile kipande cha boksi chini ya mashine, akaupitisha mwanga kwenye tundu, chemli kwa chemli, akiutikisa mkono kidogo ili kusiwe na alama ya ukingo. Chemli ya mzee wa kwanza ikageuka kivuli cha mkunjo wa nguo. Za viunoni zikageuka viuno vya kawaida.

Cleophas alisimama nyuma yake. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Huo ni uongo," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka yote nasema hawa watu wanadanganya, halafu ndani ya nyumba yangu, kwenye mashine yangu..."

"Sema. Stoo ni yako. Ila shika karatasi hapo kwenye kona, inajikunja, na mimi nina mikono miwili tu."

Alishika. Hicho ndicho kilichomuuma Joséline baadaye kuliko yote, kwamba alishika, na tena vizuri, bila kutikisika, kama anavyoshika usukani kwenye upepo.

Bibi wa kilemba hakuokoka. Kumtia weusi usoni kungeonekana. Joséline aliusogeza ukingo wa karatasi, na bibi akatoka kwenye picha, pamoja na mjukuu aliyemshika mkono. Karatasi ilipoingia kwenye dawa walitokea watu wa Itungwe wote waliobaki, wa chama kimoja, wamesimama kama chini ya wingu.

Kesho yake, ofisini kwa Bartolomeo, Salvatori aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akaisogeza dirishani, akairudisha. Bartolomeo alisubiri aambiwe kama ni nzuri.

"Shemeji," alisema Salvatori, "mimi nilikuwepo."

Joséline aliitazama droo.

"Nilikuwepo, na nilipopanda ndege kurudi ndipo nilipowaona vizuri dirishani, wanatupungia. Nikajua tumeumbuka. Hata usingizi sikupata, nawaza nitamwambia nini Mheshimiwa. Chemli zimekwenda wapi?"

"Kulikuwa na kivuli," alisema Joséline.

"Kivuli." Alilitafuna neno lile taratibu. "Bartolomeo, mtu kama huyu unampeleka Mishamo akalime maharage?"

"Hapana, mzee," alisema Bartolomeo, na droo ikafunguka.

Kibali kilisainiwa palepale. Bartolomeo akaongeza mstari kwa mkono wake: mwenye kibali hiki anaruhusiwa kusafiri kwa ndege na msafara wa Mheshimiwa, popote uendapo, hadi siku ya uchaguzi. Joséline aliusoma mara mbili. Ilikuwa karatasi ya kwanza maishani mwake kumruhusu kuvuka Kakese.

"Sikuomba hii," alisema.

"Tumekupa," alisema Salvatori. "Kuanzia sasa utapiga na utachapa wewe. Kapteni aendeshe ndege, mtu mmoja kazi moja. Kamera utamwomba, ni mumeo. Na ile picha ya kwanza, ya chemli, Bartolomeo atatutunzia."

"Na baada ya uchaguzi?"

"Baada ya uchaguzi tutaona. Unadhani tutakosa picha za kutengeneza?"

Alipaswa kuondoka hapo. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akiona jambo limefanywa vibaya ulimi unamwasha. Akiwa mlangoni aligeuka. "Leteni fulana kubwa zaidi," alisema. "Zile fupi hazifuniki."

Salvatori aliangua kicheko. Joséline alikuwa ameshafika barabarani aliposikia vizuri alichokisema yeye mwenyewe.

Nyumbani alimweleza Cleophas kama lilivyokuwa, bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa kamera msumarini ilipotundikwa, akapuliza vumbi kwenye kioo chake, akamkabidhi na kumwelekeza kifundo cha kusogezea mkanda, kwamba kina tabia ya kukwama, asikilazimishe. Jioni ile umeme ulipowaka Joséline aliingia stoo peke yake. Aliuacha mlango wazi kidogo, asiufunge mpaka mwisho. Cleophas hakuja. Alikuwa sebuleni anamsaidia Felista hesabu, na hakukuwa na mtu wa kuyahutubia magunia.

Asubuhi ya safari, uwanjani, abiria walipimwa mmoja mmoja kwenye mizani ya mizigo, kama desturi ya ndege ndogo. Mheshimiwa alikataa, akasema uzito wake ni siri ya taifa, na watu wakacheka kama inavyotakiwa. Joséline alipanda, kamera shingoni. Cleophas alisoma mshale, akataja kilo zake kwa sauti ile ile anayowatajia wageni.

"Kaa nyuma kabisa," alisema. "Mbele anakaa Mheshimiwa."

"Najua."

"Funga mkanda wa kiti kwanza, ndipo ushike kamera."

Walipaa. Mpanda ikawa mabati, kisha Kabungu ikawa mashamba, kisha msitu usio na mwisho. Miaka yote Cleophas alikuwa akimsimulia msitu huu, na sasa alikuwa juu yake, na hakuweza kumwuliza chochote kwa sababu ya visogo vilivyokuwa kati yao.

Msitu ulipofunguka aliziona njia zilizonyooka kama zimepigwa rula. Hakuhitaji kuambiwa. Njia za namna ile ziko Mishamo tu. Cleophas akageuza usukani, bawa la upande wa Joséline likainama, na ndege ikaanza kuzunguka, chini, chini zaidi. Aliliona kanisa. Aliiona njia ya kisimani. Watu walishuka kwenye baiskeli na kuinua nyuso. Nyuma ya kanisa, nyumba ya pili au ya tatu, mwanamke alitoka mlangoni na kukinga jua kwa kiganja. Huenda alikuwa mama yake. Huenda alikuwa jirani. Kwa juu kila mwanamke mzee ni kitambaa kichwani tu.

"Wapi hapa?" Mheshimiwa alipaza sauti juu ya mlio wa injini.

"Mishamo, Mheshimiwa."

"Wapo wapiga kura?"

Joséline aliona shingo ya Cleophas, na misuli iliyosimama humo, na alijua maneno yote yaliyokuwa yamepanga foleni nyuma ya meno yale, kwa sababu aliwahi kuyasikia yote.

"Hakuna," alisema Cleophas. "Ni wakimbizi."

"Sasa tunazunguka nini? Twende kwenye watu."

Bawa likanyooka. Kanisa likapita chini ya gurudumu, likaisha. Joséline hakuwa ameiinua kamera, wala mkono.

Kando yake Salvatori alisukuma gunia kwa mguu mpaka likagusa goti lake. "Kubwa, kama ulivyoagiza," alisema.

Joséline alifungua gunia. Fulana zilitiwa ovyo, ndogo na kubwa pamoja, na wakitua hivyo wangezigawa hivyo hivyo na mambo yangekuwa yale yale ya Itungwe. Akazitoa, akaanza kuzipanga mapajani, ndogo huku, kubwa kule, na kubwa kabisa, zile za kufunika mpaka magotini, akaziweka juu.